Sketi Saba za Shule ya Ufundi

Shangazi yangu ni seremala. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia neno shangazi na neno karakana yakifuatana, hudhani huwa anawapelekea mafundi chai. Hapeleki chai, anapelekewa. Ana miaka sabini na miwili, miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, na mkono wa kushoto uliovunjika utotoni ukaunga kombo. Alianguka kutoka juu ya mkokoteni wa mbao akiwa na miaka sita, na ukimuuliza alikuwa anafanya nini juu ya mkokoteni wa watu atakuambia alikuwa anachagua. Karakana yake iko nyuma ya soko la nafaka. Ukiingia tu unapiga chafya kwa vumbi la mbao, na kabla hujamaliza kupiga chafya ameshakuuliza kama umeleta vipimo au umeleta maneno.

Nusu ya milango ya mtaa wetu imetoka mikononi mwake. Haivimbi mvua ikinyesha wala hailii ikifunguliwa. Mteja akithubutu kumwambia kwamba kuna mahali wanatengeneza kwa bei rahisi, Shangazi humwelekeza njia ya kwenda huko, humtakia heri, kisha hurudi kwenye randa yake. Wengi hurudi baada ya msimu mmoja wa mvua, wamenywea, na yeye hawaulizi kitu. Hupima tu mlango upya huku akiimba kwa pua.

Sasa muulize mtu yeyote mjini ni nani aliyemfundisha kazi. Atakuambia ni mumewe. Ni kweli marehemu mumewe alikuwa seremala, mtu mpole na mcheshi, ila mvivu wa kunoa patasi, Mungu amrehemu. Watu walipowaona wawili hao kwenye karakana moja wakajumlisha wenyewe: mume fundi, mke mwanafunzi. Shangazi amelikana jambo hilo tangu sijazaliwa.

"Mimi ndiye niliyemwonyesha jinsi ya kuunga mbao kwa ulimi na tundu," husema. "Yeye alikuwa anapigilia misumari kila mahali kama anaziba paa. Mimi nilifundishwa shuleni."

Shuleni maana yake Shule ya Ufundi, ile ya matofali mekundu karibu na stesheni. Na hapo ndipo watu walipokuwa wakikohoa na kutazama pembeni, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba shule ile ilikuwa ya wavulana watupu kwa miaka ishirini na moja ya mwanzo. Shangazi anasema walikuwepo wasichana saba, miaka kumi kabla ya hao wanaoitwa wa kwanza. Mwalimu mkuu wa wakati ule aliwaingiza kwa hiari yake bila kuwauliza wakubwa zake, wakasoma miaka miwili na nusu. Kisha akahamishwa. Aliyekuja akasema kanuni hairuhusu, akawarudisha nyumbani siku ya Jumatano katikati ya somo, Shangazi mkononi ana mpini wa nyundo ambao hajaumaliza. Hawakupewa cheti, hawakupewa barua, na hakuna aliyewapiga picha. Kati ya wale saba wanne wamefariki, wawili walihama zamani na hakuna ajuaye waliko.

Nitasema ukweli ingawa unaniuma. Hata mimi sikumwamini. Nilimpenda, nilimsikiliza, nikawa naitikia "ndiyo Shangazi, ndiyo Shangazi", lakini moyoni nilijiambia kwamba bibi huyu anatia chumvi. Mimi, mtoto wa kaka yake, damu yake mwenyewe. Basi fikiria wengine.

Tena nilikuwa na sababu ya kujiona mjuzi. Mimi ni katibu wa Chama cha Historia ya Mji, mwaka wa kumi na moja sasa. Jumamosi tunakutana katika ukumbi wa maktaba ya zamani, saa tisa alasiri, kusikiliza mada. Tumesikiliza historia ya saa ya mnara, tumesikiliza historia ya kiwanda cha mikate, na mwaka juzi bwana mmoja wa idara ya maji alituzungumzia mitaro kwa saa mbili na nusu mpaka mlinzi akaja kuuliza kama tuko salama. Kazi yangu ni kupanga viti, kujaza chupa za chai, kuandika kumbukumbu, na kushika ufunguo wa kabati la kioo ambamo tunaweka vitu vya kale watu wanavyotuletea. Kila kitu kina kibandiko, na kila kibandiko ni mwandiko wangu. Nilikuwa najivunia sana vibandiko vile.

Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu wa historia. Tunamwita Mzee Ushahidi, zamani kwa kumteta, siku hizi hata mbele yake, kwa kuwa ukimwambia jua linachoma atakuuliza ushahidi uko wapi. Si mtu mbaya. Huvaa tai hata Jumamosi, na mtoto akimuuliza swali huinama ili amsikie vizuri. Alisoma Shule ya Ufundi mwenyewe, akamaliza mwaka mmoja kabla ya wale wasichana wanaoitwa wa kwanza kuingia, na shule ile anaipenda kama mama mzazi.

Mwaka huu shule ikawa inatimiza miaka sabini. Chama kikaamua kwamba patakuwa na mada mbili, Jumamosi mbili mfululizo, na siku ya sherehe ubao wa mbao ngumu utawekwa langoni ukiwa na historia ya shule kwa mistari minane. Kazi ya kuuchonga apewe seremala bora mjini. Hapo hapakuwa na mjadala, hata Mzee Ushahidi hakuomba ushahidi. Shangazi alifurahi kama mtoto. Alichagua ubao wa mvule alioukausha darini miaka minne, akaupiga randa, akaupiga msasa, akaupitishia kiganja mara mia. Tukampa mistari minne ya kwanza aanze nayo, ile ya kuanzishwa kwa shule na majengo yake. Minne iliyobaki Mwenyekiti alikuwa bado anaipangapanga.

Shangazi aliisikia kwenye mada ya kwanza, pamoja na watu wote. Mzee Ushahidi aliisoma mwenyewe, kipaza sauti kikipiga filimbi. Mstari wa tano ulisema kwamba wasichana wa kwanza wa shule hii walikuwa kumi, nao waliingia mwaka wa ishirini na mbili.

Shangazi akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, mstari wa tano una kosa. Tulikuwa saba, na ilikuwa mwaka wa kumi na mbili. Mimi nilikuwa mmojawapo."

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua. Mzee Ushahidi alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai.

"Dada yangu," alisema, na kwa heshima kabisa, "habari hii nimewahi kuisikia, na nimeitafuta. Rejesta zote za shule nimezisoma, hakuna jina la msichana. Mimi mwenyewe nilisoma pale miaka michache baadaye, sikusikia mwalimu hata mmoja akiitaja. Na kuna ushahidi mkubwa kuliko huo." Akaonyesha kabati la kioo. "Fundi cherehani aliyeshona sare za shule tangu siku ya kwanza ni marehemu, lakini familia yake ilitukabidhi daftari lake la vipimo. Mwaka huo wa kumi na mbili ameandika vipimo vya wavulana mia moja na kumi na wawili. Msichana hata mmoja hayumo. Au mlikuwa mnasoma bila sare?"

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya sana, kilikuwa cha watu waliokaa mno kwenye viti vya plastiki. Lakini nilimwona Shangazi akiketi polepole, ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Na mimi katibu niliinamisha kichwa nikaandika kwenye kumbukumbu kwamba swali liliulizwa na likajibiwa. Nikiikumbuka sentensi ile natamani kujizaba kofi.

Siku tano hakunipigia simu. Siku ya sita, Ijumaa, nikapiga moyo konde nikaenda karakana. Ubao ulikuwa umelazwa juu ya meza ya kazi. Mistari minne ya kwanza imechongwa, herufi safi, zimesimama kama askari. Chini ya hapo, mbao tupu. Shangazi alikuwa ameketi juu ya kigogo akinoa patasi ambayo tayari ingeweza kunyoa ndevu.

"Shangazi, zimebaki siku kumi na tano."

"Najua kuhesabu."

"Si uchonge tu? Kazi ni kazi. Maneno ni ya chama, si yako."

Hapo nikawa nimeyakoroga. Aliweka patasi chini taratibu, na mimi namjua, akifanya jambo taratibu ujue mvua inakuja.

"Miaka hamsini na minane mji huu unaniambia sikuwepo mahali nilipokuwepo," alisema. "Nimevumilia. Mtu akisema nimefundishwa na mume wangu nacheka, namuuzia mlango. Lakini leo mnataka nijifute mwenyewe, kwa patasi yangu, kwenye mbao yangu, halafu mnitundike langoni watoto wa shule wasome kila asubuhi. Na anayeniambia kazi ni kazi ni wewe, niliyekubeba mgongoni."

Machozi yalinitoka tu. Nilimwomba radhi, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamwambia na lile lingine, kwamba hata mimi sikuwahi kumwamini sawasawa.

"Najua," alisema. "Huwa unaitikia haraka mno."

Akajisogeza kwenye kigogo, nikakaa. Nje mtu alikuwa anateremsha magunia. Shangazi akaanza kusema kama anayezungumza na nafsi yake.

"Lakini yule fundi alitupima. Hakuwa mtu wa kumgusa binti wa watu. Mke wake ndiye aliyeshika futi, sisi na yeye nyuma ya pazia. Fundi mwenyewe alikaa upande wa pili ametugeuzia mgongo. Mke anaita namba, mume anaandika. Ilipofika zamu yangu mke alirudia namba za mikono mara mbili, na fundi akauliza, una hakika mkono haulingani na mwenzake? Aliandika, mwanangu. Nilisikia penseli."

"Nimelisoma daftari lote, Shangazi, ukurasa kwa ukurasa. Wavulana mia na kumi na wawili, basi."

"Halafu?"

"Halafu kurasa tupu."

"Ngapi?"

Nikafikiri. "Sikuhesabu. Nilipoona tano sita ziko tupu, nikalifunga."

Shangazi alinitazama jinsi anavyomtazama mteja aliyepima mlango akasahau fremu.

"Mafundi wa zamani hawakuchanganya," alisema. "Wanaume mbele, wanawake nyuma. Akija mwanamke, daftari linapinduliwa, la juu linakuwa chini, linafunguliwa kwa mgongoni. Katikati huachwa wazi ili kila upande uwe na pa kuendelea. Wewe mama yako hajawahi kukupeleka kushonewa gauni?"

Alinipeleka, mara nyingi, na kila mara fundi alipindua daftari mbele ya macho yangu. Kuona nimeona, akili ndiyo iliyokuwa imelala. Sikumbuki jinsi nilivyofunga mkoba. Nakumbuka tulitoka wote wawili, yeye na aproni yake ya kazi, nyusi zimejaa vumbi la mbao, na kwamba kufika kona ya duka la dawa bibi wa miaka sabini na miwili alikuwa ameniacha nyuma hatua kumi.

Maktaba haikuwa na mtu ila mlinzi. Nikafungua kabati. Kibandiko changu kilikuwa pale, kimepigiwa mstari kwa wino mwekundu: Daftari la vipimo vya wavulana wa Shule ya Ufundi. Nikalitoa daftari, nikalipindua, nikafungua jalada la nyuma.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa wanawake wa mtaani, magauni na blauzi. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu, juu kabisa, kwa penseli iliyofifia, paliandikwa: Sare kaki, wanawake, saba. Na mwaka, ule ule.

Fundi huyo hakuwa na mazoea ya kuandika majina, hata kwa wavulana. Aliandika mtu alivyo, ili siku ya kuchukua nguo asikosee. Mrefu. Mwanya. Kicheko. Wa Baiskeli. Pacha Mmoja. Kimya. Na mstari wa saba: Mkono Kombo, kulia inchi ishirini, kushoto kumi na nane na nusu.

Shangazi alisoma, akarudia, akasogeza miwani akasoma tena.

"Mkono Kombo," alisema. "Kumbe ndivyo alivyoniita. Nami nilikuwa namwamkia kila asubuhi kwa adabu zangu zote."

Akaanza kucheka. Katikati kicheko kikageuka kilio, nikamkumbatia pale pale mbele ya kabati, na vumbi lake lote likahamia kwenye blauzi yangu nyeupe. Mlinzi akachungulia, akatuona, akarudisha mlango. Sijawahi kuona aibu na furaha zikinikalia kifuani pamoja namna ile.

Nilitaka kumpigia Mwenyekiti simu dakika ile ile. Shangazi akanishika mkono.

"Alinijibu mbele ya watu. Na mimi nitamjibu mbele ya watu."

"Shangazi, huo ni ubishi."

"Ndiyo, ni ubishi. Nimeutunza miaka hamsini na minane, siwezi kuumaliza kwa simu."

Chama chetu kina utaratibu mmoja mzuri. Mada ikiisha, mwananchi yeyote aliyejiandikisha hupewa dakika kumi aseme analolijua. Mara nyingi dakika hizo huishia kwenye malalamiko juu ya jirani na mpaka wa kiwanja, lakini utaratibu ni utaratibu. Mada ya pili ilikuwa kesho yake. Nikamwandika Shangazi wa kwanza kwenye orodha. Jinsi habari zilivyovuja sijui, ingawa mlinzi alikuwa ananikwepa macho. Kufika saa tisa viti vyangu arobaini vilikuwa vimejaa na watu wengine wamesimama madirishani.

Shangazi alikuja na gauni lake la samawati, lile la kwendea harusi za watu. Alikataa kipaza sauti. Alisema sauti yake imezoea kushindana na msumeno. Akawaeleza mambo ya wanaume mbele na wanawake nyuma, na kina mama ukumbini wakawa wanaguna kukubali, kila mmoja akimkumbuka fundi wake. Akalipindua daftari mbele yao, akafungua, akausoma ukurasa mzima kwa sauti, na Mkono Kombo pia, bila kumung'unya.

Uso wa Mzee Ushahidi ulibadilika, niliuona. Lakini mwalimu ni mwalimu.

"Dada yangu, hili ni jambo kubwa," alisema. "Ila nina wajibu wa kuuliza. Sare kaki, wanawake saba. Shule ilikuwa na wapishi, ilikuwa na wafagiaji, na wote walivaa kaki. Tutajuaje kwamba hawa hawakuwa wapishi?"

Mnong'ono ukapita ukumbini. Hilo mimi sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nilimtazama Shangazi nikamkuta anatabasamu.

"Swali zuri," alisema. "Njoo usome mwenyewe mistari ya chini, nisije nikaambiwa natia chumvi."

Mwenyekiti akaja, akainamia daftari. Alianza kusoma haraka, kisha akawa anapunguza mwendo. "Sketi, urefu chini ya goti. Marinda mawili. Mfuko mmoja wa kawaida. Mfuko mmoja wa futi, paja la kulia, upana inchi mbili, kina inchi tisa."

Kwa asiyejua, wanafunzi wa useremala pale walishonewa suruali yenye mfuko mwembamba, mrefu, pajani, wa kuchomeka futi ya mbao ya kukunja. Mpaka leo wanashonewa. Wazee wote mle ndani waliosoma pale walipeleka mkono kwenye paja la kulia, nadhani hata hawakujua wanafanya hivyo.

"Sasa niambieni," Shangazi akasema, "mpishi na futi wapi na wapi? Anapima urefu wa maharage?"

Ukumbi uliangua kicheko, na safari hii kicheko kilikuwa chetu. Mzee Ushahidi peke yake hakucheka. Kidole chake kilikuwa kimesimama chini ya mstari wa saba.

"Mfuko huo nimeuvaa mimi miaka minne," alisema, sauti imeshuka. "Sina la kupinga, walikuwa wanafunzi. Limebaki moja tu. Huyu Mkono Kombo…"

"Una futi?" Shangazi akamkatiza.

Hakuwa nayo. Shangazi alikuwa nayo, ile ya kamba ya mafundi cherehani, akaitoa kwenye pochi akamkabidhi. Akageuka, akashusha mikono yote miwili ubavuni. Mwenyekiti akapima wa kulia, kutoka bega hadi kifundo cha mkono.

"Ishirini na mbili na nusu."

Akapima wa kushoto. Akaurudia.

"Ishirini na moja."

Fundi bomba mmoja aliyesimama dirishani alitoa hesabu kabla ya wote. "Tofauti inchi moja na nusu," alisema. "Na daftari ni inchi moja na nusu. Mkono umekua, kombo limebaki pale pale."

Watu wakasimama. Sijui nani alianza. Makofi yalipigwa mpaka viganja vyangu vikawaka moto, kalamu ilishaanguka chini ya meza, na kumbukumbu za siku ile mpaka leo zina pengo ambalo sina nia ya kulijaza. Shangazi alisimama mbele yao, kidevu juu, machozi yanamtiririka na hayafuti. Yule aliyecheka kwa pua wiki iliyopita alimletea kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Mzee Ushahidi alingoja kelele zitulie. Kisha akafanya jambo lililonifanya nimheshimu kuliko miaka yote kumi na moja. Akachukua kipaza sauti.

"Nimefundisha historia miaka thelathini na minne," alisema. "Nimewaambia watoto wenu wasiamini kitu bila ushahidi. Sikuwaambia kwamba mtu anayesema nilikuwepo, naye ni ushahidi. Jumamosi iliyopita nilimfanya dada huyu achekwe, na ushahidi wake ulikuwa kwenye kabati letu wenyewe. Nisamehe, dada. Mstari wa tano niliuandika mimi, na si wa kweli. Nani anao wa kweli?"

"Ninao mimi," Shangazi akasema. "Nimeshaupima kwenye ubao. Unaenea."

Jumatatu aliuchonga. Nilikwenda kumtazama, nikashika taa ya mezani imulike upande alioutaka, na hakuzungumza nami hata neno mpaka nukta ya mwisho. Jina la kila mmoja wa wale saba liko pale, yale majina yao kamili ya utotoni. Watoto wa wale wanne waliofariki tukawapata wote kwa simu. Mmoja aliniuliza mara tatu kama sitanii, akasema mama yake aliwasimulia mpaka akachoka, akanyamaza, akafa nalo. Nilimwambia aje aone kwa macho yake. Alisafiri siku nzima akaja.

Siku ya sherehe lango lilifunguliwa, pazia likashushwa, watu wakasoma, wakapiga picha. Nilidhani yameisha. Lakini mkuu wa shule wa sasa, ambaye ni mwanamke, na mdogo kuliko binti wa kwanza wa Shangazi, alikuja mbele ya gwaride la wanafunzi na rejesta mpya chini ya kwapa. Alisema kwamba wiki ile Shangazi alimwambia jambo moja. Kwamba kwa miaka miwili na nusu, kila asubuhi, mwalimu aliita majina ya wavulana wote hadi la mwisho, na wasichana saba walisimama nyuma yao bila kuitwa, kwa sababu kama majina yao yangeandikwa, wakubwa wangejua. Hilo mimi hakuwahi kuniambia.

Mkuu wa shule akafungua rejesta akaanza kuita. Kwa wale wanne, mtoto wa kila mmoja alisimama akaitikia kwa niaba ya mama yake, na yule aliyesafiri siku nzima sauti ilimkatikia njiani akarudia. Kwa wale wawili waliohama alingoja kidogo, hakuna aliyeitika, akaacha nafasi, akaendelea. La saba lilikuwa la Shangazi. Alilitamka lote, taratibu, na wanafunzi mia tano wakageuza shingo.

Shangazi alinyanyuka kwenye kiti cha wageni wa heshima, akaunganisha visigino kama mwanafunzi mgeni.

"Nipo, mwalimu," alisema.

Mkuu wa shule akainama juu ya rejesta, akamwekea alama ya vema kwa wino.